Modi yako ikishakuchosha

Ujumbe uliingia saa tano usiku: "Mkuu, nimeapdeti gemu, basi limepotea, yamebaki matairi tu yanatembea." Nilicheka peke yangu. Halafu nikagundua sina hamu hata ya kuwasha kompyuta.

Modi yangu, yaani kitu cha ziada ambacho shabiki hulitengenezea gemu, ni basi la mikoani kwenye Euro Truck Simulator 2, gemu la kuendesha malori. Nililichonga kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, miezi saba, hadi mapazia ya madirishani. Gemu lenyewe lilitoka 2012 na bado linapata matoleo mapya, na kila toleo linaweza kukuletea kazi. Ukibahatika, unaongeza namba tu kwenye manifest.sii, faili la maelezo ya modi, pale penye compatible_versions, yaani matoleo ya gemu ambayo modi inayakubali. Usipobahatika, unafungua game.log.txt, faili ambamo gemu huandika makosa, unakuta mistari ya ERROR imepangana kama foleni ya Ubungo.

Nilikuwa na karibu mwaka mzima sijaligusa gemu lile. Ukifika hapo, kasoro huzioni tena mwenyewe, unaletewa.

Nilipokosea ni kujibu, "Wikiendi hii." Nikalirudia jibu hilo wikiendi nne. Kumbe kijana mmoja alikuwa tayari kulitengeneza, akajizuia kwa heshima, akidhani niko kazini. Kwa hiyo kama umechoka, sema umechoka. "Sitalirekebisha tena" inauma siku moja, na watu wanajipanga. Waelekeze pia pa kujishikiza: kwenye Steam, duka la magemu mtandaoni, katika Properties za gemu, sehemu ya Betas, mtu anaweza kuchagua toleo la nyuma. Anakili profaili yake kwanza, maana safari iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya huenda isifunguke kwenye la zamani.

Kumkabidhi mtu modi ndiko kulikonitoa jasho. Faili la .scs, yaani modi iliyokwisha kufungashwa, peke yake ni sawa na kumpa fundi gauni lililoshonwa ukabaki na patani. Mpe faili za Blender na picha za rangi kabla hazijabanwa. Sasa, honi yangu. Niliipata kwa mwenzangu aliyeniruhusu mimi, si mwingine, na wakati huo alishahama mtandao, hajibu. Ikabidi honi ing'olewe. Laiti ningeuliza mapema, nikaandika pembeni kipi changu, kipi cha kuazima! Andika na ruhusa yenyewe: anaweza kubadilisha? Anaweza kuuza? Mimi nilikataa kuuza, na nikaliandika.

Nywila ya akaunti usimpe. Afungue ukurasa wake, wewe weka kiungo kwenye wako. Apdeti ya kwanza kaa naye karibu, lakini mikono mfukoni. Vioo vya pembeni vilimsumbua siku tatu. Ningeweza kuvimaliza nusu saa, nikajizuia.

Basi linatembea sasa, na matairi yake na bodi yake. Mapazia ameyageuza zambarau. Sijasema kitu.