Maswali ya Wasomaji: Kutoka Anime hadi Uhadhiri

SWALI: Nina shahada ya Fasihi ya Kiswahili, naishi Kimara. Natazama anime (katuni za Kijapani) tangu sekondari na nataka kuwa mhadhiri wa fasihi na utamaduni pendwa wa Kijapani. Nianzie wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Anza na lugha, maana tafsiri inayopita chini ya skrini haitoshi kwa utafiti. Hiragana na katakana, mifumo miwili ya herufi za sauti yenye herufi 46 za msingi kila mmoja, hazikawii kukaa kichwani ukiziandika kwa mkono kila siku. Kazi iko kwenye kanji, herufi zenye asili ya Kichina: orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Ukiwa na kiwango cha N2 cha JLPT, mtihani wa Kijapani wenye viwango kuanzia N5 hadi N1 cha juu kabisa, unaweza kuanza kusoma riwaya, polepole. Uzamivu wa fasihi ya Kijapani kwa kawaida hudai N1. Tena vitabu vya kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1946 huwatoa jasho hata wenye N1.

Ufadhili wa masomo wa MEXT, wizara ya elimu ya Japani, hupitia Ubalozi wa Japani hapa Dar. Uwe chini ya miaka 35. Kuna mtihani wa maandishi na usaili, kisha unajitafutia mwenyewe chuo cha kukupa barua ya kukukubali kwa masharti. Hapo ndipo wengi hukwama: barua ileile inatumwa kwa maprofesa kumi, na hakuna anayejibu. Soma makala ya profesa mmoja, uitaje, mweleze swali lako linaigusa wapi. Fanya hivyo kabla ya usaili, maana baadaye muda ni mfupi.

Andiko lako la utafiti nalo lisiwe "Athari za anime kwa vijana". Ni pana mno, na fasihi haimo. Wewe una mtaji ambao wenzako wa Ulaya hawana: hadithi za "itaendelea" za magazeti yetu. Riwaya ya Kokoro ya mwandishi wa Kijapani Natsume Sōseki ilitoka gazetini mwaka 1914 kwa sehemu 110. Manga (hadithi za picha za Kijapani) nyingi nazo hutoka kwa sehemu kwenye majarida ya kila wiki. Chukua sehemu 20 za Kokoro na 20 za hadithi moja ya gazeti la Dar, uchunguze aya ya mwisho ya kila sehemu: inakata wapi, inaficha nini ili msomaji anunue toleo lijalo? Matini ya Kokoro ni bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Aozora Bunko.

SWALI: Na ajira?

JIBU: Nafasi za utamaduni pendwa peke yake ni chache. Jiandae kufundisha fasihi linganishi na lugha yenyewe, manga iwe kozi yako ya tatu.