Mteja kalipa mara moja, salio limeingia mara mbili

Mkuu, umesema mteja wako amelipa 5,000 kwa simu mara moja, mfumo ukamwekea 10,000, na umeshangaa kwa sababu uliweka sharti la kuangalia kama muamala umeshaingia. Nimeunganisha malipo ya simu kwenye mifumo ya watu kwa muda sasa, na kwa msimbo uliobandika, tatizo liko kwenye sharti hilohilo.

Unaanza na SELECT (kutafuta kwenye kanzidata). Ikikosa namba ya muamala, unafanya INSERT (kuingiza rekodi), kisha unaongeza salio. Ukijaribu nyumbani inakubali kwa sababu unabonyeza peke yako. Kwenye seva halisi taarifa ya malipo inaweza kuletwa zaidi ya mara moja, hasa ukichelewa kuijibu ya kwanza. Zikitua mbili zikiwa zimepishana milisekunde chache, zote zinauliza, zote zinajibiwa "haipo", zote zinaongeza salio.

Kazi ya kukataa marudio iachie kanzidata. Weka UNIQUE (sharti la kutojirudia) kwenye namba ya muamala, anza moja kwa moja na INSERT, na kuongeza salio kufanyike ndani ya BEGIN na COMMIT ileile (yote yaingie pamoja au yasiingie kabisa). Kanzidata ya PostgreSQL ina ON CONFLICT DO NOTHING (ikigongana na iliyopo, isifanye kitu) tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016. Tazama imeingiza rekodi ngapi: ikiwa moja, ongeza salio, ikiwa sifuri, jibu 200 (yaani "nimepokea") uishie hapo. Uzuri wake ni kwamba taarifa ya pili inasubirishwa mpaka ya kwanza imalize. Ya kwanza ikifeli katikati na kurudishwa nyuma, ya pili ndiyo inayoingia, kwa hiyo hela ya mtu haipotei.

Namba ipi? Kwa wanaotumia Daraja, yaani API (njia ya mifumo kuzungumza) ya Safaricom, STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) inakupa CheckoutRequestID pale unapoomba malipo, na inarudi nayo kwenye taarifa, muamala uwe umefaulu au la. Risiti ya M-Pesa inakuja ukifaulu tu. Usijitungie ufunguo wa namba ya simu pamoja na kiasi, maana mtu ana haki ya kukata tiketi mbili za bei moja ndani ya dakika moja.

Kingine nilichokiona kwenye msimbo wako: unatuma SMS ya shukrani kabla ya kujibu 200. Huduma ya SMS ikizubaa, jibu lako linachelewa, na anayesubiri upande wa pili anaona hukupokea, anatuma tena. Marudio mengine unajitengenezea mwenyewe! Hifadhi taarifa kama ilivyokuja, jibu, halafu SMS na mengineyo yapeleke kwenye foleni.

Na taarifa isipofika kabisa, usiandike "imefeli". Iache "inasubiri", uliza hali ya muamala kupitia API, na usiku linganisha na taarifa ya akaunti. ResultCode (namba ya matokeo kwenye taarifa) 0 ni mafanikio, 1032 ni mteja kughairi mwenyewe. Kimya si mojawapo.

Siku hizi wengi tunaandikiwa msimbo na AI, na hii SELECT-kisha-INSERT nakutana nayo sana ninapokagua kazi za wenzangu, kwa kuwa inasomeka vizuri na majaribio ya kawaida inapita. Ipime kwa fujo: tuma maombi 50 yenye namba ileile, 20 kwa wakati mmoja, ukitumia curl na xargs -P 20. Salio likizidi 5,000, bado hujamaliza.

Tahadhari moja kabla hujagusa chochote leo: ukiweka UNIQUE sasa hivi itagoma, kwa sababu jedwali tayari lina marudio. Usiyafute kimyakimya. Yahamishie jedwali la pembeni, salio lililozidi lipunguze kwa ingizo la marekebisho ambalo mhasibu ataliona, na umpigie simu yule mteja kabla hajaitumia hiyo hela.