Kabla Hujamlaumu Mgonjwa, Magnesiamu Ngapi?

Watarajali wapya, wadogo zangu, shikamoo zenu nimezipokea. Jana nimefungua faili wodini: potasiamu 2.7, chini mno, siku ya tatu ya dripu ya kuipandisha, na pembeni kwa kalamu nyekundu, "hamezi dawa". Nikacheka, halafu nikaona aibu. Mwandiko si wangu, kosa ni langu.

1. Potasiamu 6.8, juu mno, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) safi? Huenda chembe za damu zilipasukia kwenye sindano, zikamwaga potasiamu yake. Rudia upesi.

2. Zile chaneli za figo mlizokariri, yaani milango ya chumvi kwenye seli, ziko kazini kitandani. Sodiamu ikiingia kwenye seli kwa ENaC (mlango wa sodiamu), ndani ya mrija wa mkojo umeme unabaki hasi, potasiamu inavutwa kutoka kwenye seli kwenda kwenye mkojo kupitia ROMK (mlango wa potasiamu). Aldosteroni, homoni ya kubakiza sodiamu, inachochea zote mbili. Furosemaidi, dawa ya kukojoza, inashusha sodiamu na maji tele huko chini ya mrija, na mkondo ukiwa mkali, BK, milango mingine ya potasiamu, nazo zinafunguka.

3. Nilipokuwa mtarajali hapa hapa Dar, nilikuwa na mama mmoja, moyo umechoka, miguu imejaa, furosemaidi wiki nzima. Potasiamu 2.6. Nikaweka KCl, chumvi ya potasiamu. Kesho yake 2.7. Nikaongeza: 2.6. Nikawafokea maabara. Nikamwagiza binti yake madafu, maana yana potasiamu, akawa anayaleta kila asubuhi toka Mbagala, daladala mbili (mgonjwa mwenyewe amepunguziwa maji, jamani!). Siku ya nne, bila hata shikamoo, nikamwambia mbele ya wodi nzima, "Mama, vidonge unatema." Akanitazama. "Mwanangu, hata mate ya kutemea sina."

Kwenye raundi bingwa akauliza neno moja: "Magnesiamu?" Nikapekua faili kama vile namba itajiandika.

Magnesiamu ndani ya seli ndiyo kizibo cha ROMK. Furosemaidi ilishaikojoza, kizibo hakuna, na mlango uko wazi. KCl yangu yote ilikuwa inaishia kwenye mfuko wa mkojo. Tukaazima magnesiamu salfeti leba, ile ile ya kifafa cha mimba. Siku ya pili, 3.6. Nilipokwenda kumwomba radhi, mama akanisukumia dafu.

4. KCl haisukumwi kwa sindano. Kamwe. Ni dripu, polepole.

5. Spironolaktoni pamoja na enalapril, dawa zinazobakiza potasiamu mwilini: ipime tena ndani ya wiki. Hapo milango imebanwa, na madafu ni marufuku.

Wewe wa kalamu nyekundu, fomu ya magnesiamu nimeshakujazia. Iko kwa sista.