Dundu Ndani ya Tasbihi ya Babu

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Marehemu babu yangu alituachia tasbihi ya kaharabu aliyorudi nayo kutoka Hija. Ndani ya punje moja yumo dundu mdogo, hafiki hata ukubwa wa chembe ya mchele, na tundu la uzi limepita ubavuni mwake. Mjukuu wangu aliye chuoni anasema huenda ni spishi mpya na kwamba tunaweza kuipa jina la babu. Je, jambo hili lawezekana, na hufanywaje? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu msomaji. Jambo hili lawezekana, ila jina huja mwisho kabisa, baada ya kazi ndefu ya kutazama na kulinganisha.

Tuanze na punje yenyewe, kwa kuwa huku pwani ambari, kaharabu na sandarusi huchanganywa mara kwa mara. Ambari hutoka matumboni mwa nyangumi. Kaharabu na sandarusi zote mbili ni utomvu wa miti, nazo hutofautiana kwa umri: kaharabu imekaa ardhini mamilioni ya miaka hata ikawa ngumu mfano wa jiwe, ilhali sandarusi ya kwetu, itokayo kwa msandarusi ambao hadi leo unaota katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, kwa kawaida ni ya miaka mia kadhaa au maelfu machache tu. Neno kaharabu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni kinyakuzi cha majani makavu, kwa sababu ikisuguliwa kwa kitambaa cha sufi hunyanyua vijani vikavu. Hata hivyo plastiki nayo hufanya hivyo, basi msitosheke na jaribio hilo. Tone la spiriti hulainisha sandarusi ikanata, lakini kaharabu halisi haibadiliki. Jaribio hilo lifanywe kwenye punje isiyo na mdudu, na nawasihi msiichome sindano ya moto kama wafanyavyo baadhi ya wachuuzi.

Ikithibitika kuwa ni kaharabu, swali la pili ni gumu zaidi: ilichimbwa wapi? Kaharabu ya Myanmar ina umri wa takriban miaka milioni 99. Ile ya Jamhuri ya Dominika ina kati ya miaka milioni 15 na 20, na mti ulioitoa ulikuwa wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) iitwayo Hymenaea, yaani jamaa wa msandarusi wetu. Kila ninapolikumbuka hilo hufurahi. Tasbihi iliyonunuliwa sokoni haina cheti cha asili, lakini kipimo cha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kinaweza kuitambua kaharabu ya Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika biashara. Mdudu asiyejulikana mahali alikotoka wala umri wake hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kielimu.

Sasa tumtazame dundu. Mtaalamu huisugua kaharabu polepole mpaka ipatikane sehemu bapa iliyo kama dirisha, kisha huiweka chini ya hadubini na kuanza kuhesabu. Vipapasio vina pingili ngapi? Madundu wengi wana 11. Je, mabawa magumu ya juu yana vishimo vilivyojipanga kwa safu, au ni laini? Pingili za nyayo nazo huhesabiwa mguu kwa mguu. Akizikuta 5 mbele, 5 katikati na 4 nyuma, tayari ameshapunguza mno idadi ya koo za kutafutia, na hilo si jambo dogo, maana madundu waliokwisha kupewa majina ni takriban 400,000. Sehemu zilizofichika hupigwa picha za eksirei tabaka kwa tabaka. Ndivyo alivyochunguzwa Angimordella burmitina, dundu wa kaharabu ya Myanmar aliyetangazwa mwaka 2019, ambaye alikutwa na chembe 62 za chavua mwilini, nyingine zimenasa kwenye vinyweleo vyake, ushahidi kwamba wadudu walikuwa wakizuru maua enzi za dinosauri.

Baada ya hapo dundu hulinganishwa na jamaa zake walio hai na waliokufa zamani. Akionekana kuwa na tofauti za kudumu, zisizotokana na kukunjamana ndani ya utomvu wala na tundu la uzi, huandikwa maelezo yake, yakitaja tofauti hizo waziwazi, na kuchapishwa katika jarida la kisayansi. Jina huwa na maneno mawili kwa herufi za Kilatini, kwa utaratibu unaohesabiwa tangu mwaka 1758. Kama babu aliitwa Salim, kwa mfano, neno la pili linaweza kuwa salimi; angekuwa mwanamke, mwisho wake ungekuwa -ae. Singewashauri mchague lamuensis, kwa kuwa jina hilo lingewafanya watu wadhani dundu ametoka Lamu.

Lipo jambo moja ambalo lazima familia ilizungumze mapema. Tangu mwaka 2000, jina la spishi mpya halikubaliki bila kutajwa kielelezo maalumu kinacholibeba, kiitwacho holotaipu, nacho hutakiwa kihifadhiwe mahali ambapo watafiti wengine wanaweza kukikagua. Kwa hiyo punje hiyo ingetoka katika tasbihi ya babu na kuwekwa katika makumbusho. Kwa maoni yangu hiyo ni heshima kubwa kwa marehemu, lakini uamuzi ni wenu, wala hapana haja ya haraka.

Kwa sasa pigeni picha safi za punje kutoka pande zote, rula ikiwa kando yake, mwandike yote mnayoyakumbuka kuhusu safari ya babu na mahali alipoinunua, kisha mzipeleke picha hizo kwenye Makumbusho ya Lamu muulize namna ya kuwafikia wataalamu wa wadudu wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Tasbihi yenyewe iwekwe penye giza na ubaridi, mbali na marashi na mafuta, kwa maana vitu hivyo hufifisha uso wa kaharabu na kufanya dundu asionekane vizuri.