Panga lipite motoni kwanza

Wadogo zangu wa fildi, Jumanne niliwatazama mkikata majani na kupunguza machipukizi hapa kwetu Mukono. Kazi mlipiga kwelikweli, nami niliwafurahia. Ila panga moja lilipita kwenye migomba 14 bila kusafishwa, nikapiga kelele hadi mwenye shamba akatoka ndani. Naandika ili mjue kelele ile ilitoka wapi.

1. Vaeni buti. Raba nyeupe mziache hosteli, nimeshasema mara ngapi?

2. Panga. Mnyauko, ugonjwa wa migomba ambao wenyeji huuita kiwotoka, mmeusoma: bakteria, dalili, kwamba Uganda ulionekana mara ya kwanza mwaka 2001 katika eneo hilihili la Mukono. Mtihani mlifaulu. Hata mimi niliufaulu.

Nikiwa mwaka wa pili, kundi letu la watu sita lilipangiwa mashamba mawili kwa siku moja: asubuhi kwa mzee mmoja, alasiri kwa mama mjane ng'ambo ya bonde. Kwa mzee palikuwa na mgomba ambao majani yake yamelegea na kuning'inia, ya njano, kama yamemwagiwa maji ya moto. Nikasema ni njaa ya mbolea. Nikakata majani, nikakata na machipukizi mawili, nikafuta panga kwenye suruali, tukaondoka. Kwa mama nilichukua safu mbili peke yangu, nikitaka nionekane hodari. Jiko lake lilikuwa likiwaka hatua chache tu kutoka tulipo, anatuchomea mahindi. Jioni akatupa mkungu mzima wa matoke, tukaubeba tukiimba.

Usiku ule, nikijaza daftari la fildi, nikakumbuka yale majani. Nilijua. Nikafunga daftari, nikalala, kwa kuogopa alama.

Wiki sita baadaye tulirudi. Katika safu zangu ndizi changa zilikuwa zinaiva, kidole kimoja njano, jirani yake kijani. Msimamizi akakata mgomba mmoja, akatuambia tusubiri. Haukupita muda, usaha wa njano ukaanza kutoka kwenye kidonda, tone baada ya tone. Akapasua ndizi: ndani ina madoa ya rangi ya kutu. Mama akauliza, "Wanangu, hii naweza kuipika?" Nikatazama chini.

Migomba 11 ilikatwa siku ile. Mingine ilifuata, kwa sababu wiki zote sita mama alikuwa akikata kwa panga lake mwenyewe, akitoka mgomba huu kwenda ule bila kujua. Ndiyo migomba iliyokuwa ikilipa ada ya wajukuu. Ilinichukua muhula mzima kurudi kumwambia. Alinyamaza, akaendelea kumenya matoke, kisha akasema: "Ungerudi kesho yake, ningejua mgomba upi wa kuutazama."

Basi panga likae motoni mpaka liwe la moto hasa, au mlioshe kwa Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, sehemu moja kwa tano za maji. Maji matupu hayaui kitu. Na ni kila mgomba, si kila safu.

3. Ua dume, lile linaloning'inia mwishoni mwa mkungu, livunjeni kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho ikishatoka. Nyuki na wadudu wengine hubeba bakteria kutoka ua hadi ua.

4. Mgomba mgonjwa ukateni usawa wa ardhi, huo mmoja, mapema. Msing'oe shina zima na watoto wake kwa hofu.

5. Mkikosea, semeni siku hiyohiyo. Madaftari yenu nasaini mimi, na aliyesema simpunguzii alama hata moja.

Kesho saa moja asubuhi jiko la mkaa litakuwa kwenye njia ya kuingilia shambani. Na wewe uliyenifuata jioni ukaniambia ulikata mgomba ulionyauka karibu na mtaro, njoo mapema kidogo. Tutaenda wote wawili kwa mwenye shamba, tumwonyeshe migomba uliyoigusa baada ya ule.