Wasomaji Wanauliza: Timu ya NFL Inapoburuza Mkia

Swali: Ndugu mhariri, katika NFL, ligi kuu ya soka la Kimarekani, timu ya mwisho haishuki daraja. Sasa inaadhibiwaje?

Jibu: Timu yenyewe haiadhibiwi. Timu ni 32, na zote 32 zitakuwepo msimu ujao. Fedha za mikataba ya televisheni ya taifa hugawanywa sawa kwa sawa, bingwa na wa mkiani wakipata mgawo uleule. Anayebeba msalaba ni kocha. Siku inayofuata wiki ya mwisho ya ligi huitwa Jumatatu Nyeusi, kwa kuwa ndipo makocha hufungashiwa virago.

Timu hupewa hata kifuta machozi. Katika drafti, yaani zoezi la raundi 7 la kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu, mwenye rekodi mbovu kuliko wote huchagua kwanza. Timu mbili zikilingana, hutangulia ile ambayo wapinzani wake kwa jumla walishinda mechi chache, kwa sababu imeboronga kwenye ratiba nyepesi. Nafuu ya ratiba ya msimu unaofuata ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mechi 17, ni 3 tu zinazopangwa kwa kufuata nafasi uliyomaliza kwenye divisheni yako, yaani kundi lako la timu 4.

Swali: Basi si bora kujifungisha makusudi mwishoni ili kupata chaguo la kwanza?

Jibu: Ofisini wanaweza kulifikiria jambo hilo, lakini uwanjani halitekelezeki. Mishahara mingi ya NFL haina dhamana kamili, na kila mchezaji anajua kwamba video ya mechi hii ndiyo atakayoombea kazi kesho. Kijana atakayekuja kwa chaguo la kwanza huenda akachukua nafasi yake. Kwa nini amfungulie mlango?

Tazama Houston Texans, Januari 2023, mechi ya mwisho ya msimu. Wakipoteza, chaguo la kwanza ni lao. Wako nyuma ya Indianapolis Colts 31–24, chini ya dakika moja imebaki, jaribio la nne na la mwisho, yadi 20 za kusogea mbele la sivyo wanapoteza mpira. Davis Mills, kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akarusha mpira, Jordan Akins akaupokea kwenye eneo la mwisho: tachidauni, bao la pointi 6, 31–30. Wakaacha pointi 1 ya nyongeza ambayo ingeleta sare, wakatafuta pointi 2, wakazipata: 32–31. Kocha Lovie Smith alifukuzwa mara baada ya ushindi huo.

Chaguo la kwanza likaangukia Chicago Bears, nao wakawauzia Carolina Panthers. Sehemu ya malipo ilikuwa chaguo la Panthers la raundi ya kwanza kwa mwaka 2024. Panthers wakamchukua kwotabeki Bryce Young, wakamaliza 2023 na ushindi 2 na vipigo 15, wa mwisho ligi nzima, na chaguo la kwanza lililotokana na msiba huo likaenda Bears, waliomchukua kwotabeki Caleb Williams. Texans waliochagua wa pili walimpata kwotabeki C.J. Stroud, wakashinda mechi 10 na divisheni yao. Kwa hiyo kabla ya kusema timu fulani "inajenga", uliza kwanza chaguo lake la mwakani liko mikononi mwa nani.

Swali: Nitatofautishaje timu mbovu na timu iliyokosa bahati?

Jibu: Anza na tofauti ya pointi. Detroit Lions wa 2008, waliopoteza mechi zote 16, walifunga pointi 268 na kufungwa 517. Hiyo ni zaidi ya 15 kila mechi, na hapo bahati haihusiki.

Pili, hesabu mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, kiasi ambacho shambulizi moja lingefuta. Timu iliyopoteza nyingi za aina hiyo kwa kawaida hupanda mwaka unaofuata hata bila mabadiliko makubwa.

Tatu, na kwangu hiki ndicho kipimo kikuu, angalia mipira iliyopotezwa dhidi ya iliyonyakuliwa. Cleveland Browns wa 2017, nao 0–16, walipoteza 41 na kunyakua 13. Kwotabeki wao DeShone Kizer, mgeni wa ligi, pasi zake zilidakwa na wapinzani mara 22. Kijana akiachwa ajifunzie uwanjani, mara nyingi matokeo ndiyo hayo.

Hata timu mbovu huwa na mechi inayoteleza kwa kosa moja. Lions haohao walifungwa na Minnesota Vikings 12–10. Dan Orlovsky, kwotabeki wa Lions, akikimbia kumkwepa mlinzi, alikanyaga nje ya mstari wa nyuma wa eneo lake la mwisho bila kujua, na kosa hilo huwapa wapinzani pointi 2.

Swali: Timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda inaweza kuingia mtoano?

Jibu: Ndiyo, ikishinda divisheni yake. Seattle Seahawks wa 2010 waliingia na ushindi 7 na vipigo 9, wakawa wenyeji, wakawatoa New Orleans Saints 41–36.

Swali: Kwa nini wasifukuze wachezaji wote wakasajili upya?

Jibu: Ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji, hauruhusu. Ulikuwa dola milioni 279.2 kwa timu mwaka 2025. Bonasi ya kusaini hulipwa mapema lakini huhesabiwa kidogo kidogo, hadi miaka 5. Bonasi ya milioni 20 kwa mkataba wa miaka 4 ni milioni 5 kila mwaka. Ukimtema mchezaji baada ya msimu mmoja, milioni 15 zilizobaki zinaangukia hesabu za mwaka huohuo. Ukisubiri hadi baada ya Juni 1, ni 5 mwaka huo na 10 unaofuata.

Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024 walibebeshwa milioni 85 kwa miaka miwili. Bado walishinda mechi 10 mwaka huo, kwa sababu Bo Nix, kwotabeki aliyetoka kwenye drafti, alikuwa kwenye mkataba wa miaka 4 ambao malipo yake hupangwa na nafasi aliyochaguliwa. Ndiyo maana timu za mkiani hung'ang'ania kumpata kwotabeki kijana: miaka hiyo minne ya bei ndogo ndiyo inayolipia wachezaji wengine.