Kongamano la Mitandao ya Kompyuta: Nenda na Vipimo vya Kwenu

Kijana wa Lamu au Malindi anayeingia kongamano la mitandao ya kompyuta kwa mara ya kwanza huwa na hofu moja: kwamba kila aliyemo ukumbini anajua kuliko yeye. Kuhusu itifaki (kanuni ambazo kompyuta huwasiliana kwazo), huenda ni kweli. Kuhusu mtandao wa mtaa wa Langoni, Lamu, saa tatu usiku, hapana. Mhadhiri aliyepima mtandao wa maabara yake hana namba za kwenu, na akikutana na mtu aliyezibeba atakaa chini amsikilize. Ndiyo sababu maandalizi yenyewe hasa hufanyika nyumbani, wiki nzima kabla ya safari.

Huhitaji kununua kifaa. Laptopu na amri ya ping, inayotuma pakiti ndogo ya data na kupima jibu linarudi baada ya muda gani, zinatosha. Chagua vituo vitatu: ruta ya nyumbani (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), seva iliyoko Kenya, na seva iliyoko Ulaya. Tuma pakiti 100 kwa kila kituo. Kwenye Windows andika ping -n 100 kisha anwani. Kwenye Linux ni ping -c 100. Rudia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa siku 3. Utapata mafaili 27. Kila faili lipe jina lenye tarehe, saa na kituo, maana baada ya siku mbili hutakumbuka lipi ni lipi.

Hapo ndipo wengi wanapopotea, na kosa la kwanza ni la seva. Anwani kama 8.8.8.8 ya Google haikai mahali pamoja. Huitikiwa na seva nyingi zilizotawanywa duniani, na pakiti yako hupelekwa kwa ile ambayo njia yake ni nyepesi. Ukiipima ukadhani umepima Marekani, umejidanganya. Vivyo hivyo, jina linaloishia na .ke si ushahidi kwamba seva iko Kenya. Tovuti nyingi za humu nchini zinakaa kwenye mashine za ng'ambo. Kipimo cha kukata shauri ni nuru yenyewe. Ndani ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya hula milisekunde 1 kwa kwenda na kurudi. London iko kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Basi jibu la kutoka huko haliwezi kufika chini ya milisekunde 70, na kwa kweli huchelewa zaidi, kwa kuwa nyaya za baharini zinazotoka Mombasa kwenda Ulaya hazinyooki: hupanda hadi Bahari ya Shamu na kukatiza Misri. Ukiona milisekunde 20 kwa seva unayoamini iko London, seva hiyo haiko London.

(Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, tulitegemea satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Pakiti hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka. Hesabu hiyo pekee ni kama nusu sekunde. Watu wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, hawashangai habari za satelaiti: satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini kwao tarehe 12 Desemba 1970.)

Kosa la pili ni wastani. Pakiti 90 zikirudi kwa milisekunde 40 na 10 zikirudi kwa 1,200, wastani unakuwa 156, namba ambayo hakuna pakiti hata moja iliyoipata. Panga majibu yako 100 kuanzia dogo hadi kubwa, kisha andika la 50 na la 95, pamoja na idadi ya pakiti zilizopotea. Namba hizo tatu zinasema mengi kuliko wastani. Na usikimbilie kusema pakiti zimepotea ikiwa seva haikujibu hata moja. Ziko seva zilizofungwa zisiitikie ping kabisa.

Anza kusoma matokeo kwenye ruta ya nyumbani. Ikiwa jibu la ruta iliyo chumba cha pili linaruka kutoka milisekunde 2 hadi 80, usiilaumu kampuni ya intaneti, tatizo limo ndani ya nyumba. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za mji wa kale wa Lamu ni nene, na mawimbi ya waifai ya GHz 5 huzimika humo haraka kuliko ya GHz 2.4. Ukibaki kwenye 2.4, tumia chaneli ya 1, 6 au 11 tu, kwani nyingine zote hupandana na hizo. Kwa vifaa vya juu ya paa, fungua kiungo cha waya utazame pini. Hewa ya chumvi huzitia ukoga wa kijani, kiungo kinashika na kuachia, na kwenye vipimo unaona upotevu unaokuja na kuondoka bila mpango. Swali kuhusu chumvi ni swali zuri sana la kumuuliza mtu anayetoka bara kuonyesha vifaa vyake.

Kama una muda wa kipimo kimoja zaidi, kiwe hiki: endesha ping kwenda seva ya Kenya, kisha katikati yake anza kupakua faili kubwa. Ikiwa jibu linapanda kutoka milisekunde 40 hadi 900, kasi uliyonunua haina kosa. Foleni kwenye vifaa vya kampuni au kwenye ruta yako ni ndefu mno, na pakiti yako ndogo imesimama nyuma ya mzigo mkubwa. Ruta zinazokubali fq_codel (mbinu ya kupanga foleni za pakiti) hulimaliza hilo ukiiwekea kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi ya laini, ili foleni ijengeke kwako unakoweza kuitawala, isijengeke kwa kampuni.

Jambo hilo la foleni si geni, na kulijua kutakusaidia kufuata nusu ya mawasilisho. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Hakuna waya uliokatika. Kompyuta zilikuwa zikituma upya pakiti ambazo hazijapotea, zimekwama foleni tu, na kila nakala mpya ikazidi kuirefusha. Mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha dawa: mtumaji aanze polepole, aongeze kadiri majibu yanavyorudi, na apunguze pakiti inapopotea. Kila utakaposikia neno msongamano ukumbini, rudi kwenye picha hiyo.

Ratiba ikitoka, usijaribu kuhudhuria kila kikao. Soma ikisiri (muhtasari wa kila wasilisho) zote, chagua mada 4 au 5, na kwa kila moja tafuta makala yake ikiwa imewekwa wazi. Isome kwa mpangilio huu: ikisiri, michoro na maelezo yake, hitimisho, kisha rudi mwanzo. Hesabu ngumu zipite. Unachotafuta ni vitu vitatu: wamepima wapi, wamelinganisha na nini, na wenyewe wamekiri udhaifu gani. Kiingereza ndicho kitakachotawala, basi andika pembeni maneno 20 ya mada zako na maana zake kwa Kiswahili chako mwenyewe, usije ukaliwa na neno moja dakika tano nzima huku msemaji ameshafika mbali.

Swali ukiulize kwa sentensi mbili. Ya kwanza ina namba yako, ya pili ina swali: "Kwa laini ya simu kisiwani Lamu, jibu la 95 saa tatu usiku ni milisekunde [namba yako]. Je, mbinu yako ilijaribiwa kwenye laini inayochelewa hivyo?" Basi, keti. Anayehutubia kwa jina la kuuliza anachukiwa na ukumbi mzima. Na tusichanganye adabu na ukimya: kumwamkia profesa shikamoo, kisha kumwuliza kwa nini mchoro wake hauanzii sifuri, ni mambo mawili yanayokaa pamoja bila ugomvi.

Programu zisakinishe kabla hujaondoka nyumbani. Wireshark (ya kunasa na kusoma pakiti), Packet Tracer (ya kuigiza mitandao) au chochote kilichotajwa kwenye warsha, pamoja na faili za mazoezi. Mtandao wa ukumbini huelemewa asubuhi ya kwanza, na sababu ni hesabu ya darasa la kwanza la mitandao: watu 150, kila mmoja ana simu na laptopu, ni vifaa 300, na mtandao wa /24, ukubwa wa kawaida wa mtandao mdogo, una anwani 254. Ukiona laptopu imejipa anwani inayoanza na 169.254, ina maana haikupewa anwani na mtandao. Kuzima na kuwasha hakutaongeza anwani. Mwambie fundi wa ukumbi apunguze muda wa kukodisha anwani au apanue mtandao. Ukiwasha hotspoti yako kwenye GHz 2.4, na wenzako 40 wafanye hivyo, mtazidi kuua hewa ya wote. Wanafunzi ambao chuo chao kimo kwenye eduroam (waifai ya pamoja ya vyuo) waisanidi na kuijaribu chuoni kwao, kwa jina kamili lenye alama ya @ na kikoa cha chuo. Ukisubiri ufike ugenini, ukikosea nywila hakuna wa kukurekebishia.

Wireshark uiwashe kwenye mtandao wa warsha tu, pale mwezeshaji aliporuhusu. Kunasa mawasiliano ya watu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, na kisingizio cha kujifunza hakikuondolei.

Kwenye meza ya kutengeneza kebo, mpangilio wa rangi za nyaya uitwao T568B ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi huweka kijani karibu na nyeupe-kijani kwa kuwa inapendeza machoni. Wakifanya hivyo pande zote mbili, kipimaji kinawasha taa zote nane, lakini jozi zimevunjwa: pini 3 na 6 lazima ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja, ama sivyo ishara huvujiana na kebo haitulii. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kiungo ndipo ubane. Kebo inayokataa kupita megabiti 100 mara nyingi ina jozi ya buluu au ya kahawia isiyoshika, kwa kuwa kasi hiyo hutumia pini 1, 2, 3 na 6 tu, na gigabiti hudai nane zote.

Safari yenyewe haina mengi. Kongamano likiwa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kutoka Malindi ni kama kilomita 60, unaweza kwenda asubuhi ileile. Kutoka Lamu ondoka siku moja kabla: kuna boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, na kuna vizuizi vya ukaguzi, kwa hiyo beba kitambulisho chenyewe, si picha yake. Laptopu itie kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kupanda boti. Chukua ekstenshen, kumbi za vyuo huwa na viti vingi na soketi chache. Siku ikiwa ya Ijumaa, waulize waandaaji mapema msikiti uko wapi na kikao cha mchana kinaanza saa ngapi, uchague mada zako ukijua.

Ukirudi, mwandikie msemaji mmoja au wawili ndani ya siku mbili, kabla sura yako haijamtoka. Aya moja: ulikaa kikao kipi, uliuliza nini, na umeambatisha nini. Usitume picha za skrini. Tuma jedwali moja la maandishi, kila mstari una tarehe, saa, kituo, jibu la 50, jibu la 95 na idadi iliyopotea, na juu yake uandike aina ya laini, chapa ya ruta, na kama ulipima kwa waya au kwa waifai. Bila mambo hayo matatu atakachokujibu ni kukuuliza hayohayo.